Tafsiri Yangu ya Vita vya Watu wa Theluji

Jumatatu, 5 Agosti
Suhail, mshindani wangu, kaleta skrini kubwa kama shuka la kitanda cha harusi. Wanaume wote wa Konde wamehamia kwake kutazama mpira. Kwenye kibanda changu cha filamu kabaki Mama Mkubwa, Bi Mwatum aliyenilea, na yeye huja kwa ajili ya feni. Aibu!

Lakini dawa nimeipata. Tamthilia ya vita, sehemu kumi, ndani ya flashi kutoka Wete. Askari wa kigeni wameuteka mji wenye theluji na kuukalia. Yumo binti wa miaka kumi na tano. Baba yake kachukuliwa, kabaki na bwana mmoja mwenye kofia. Lugha yao siijui hata neno. Si kitu! Miaka kumi na moja natafsiri filamu kwa maiki hii, na Kiingereza nacho sikijui. Binti nimempa jina Asya. Bwana wa kofia nimemfanya ami yake, ndugu wa baba, mtu wa huruma.

Onyesho la kwanza baada ya alasiri. Watu wanne. Mama Mkubwa aliuliza kwa nini watu wale hawaizoi ile chumvi njiani. Nikamwambia ni theluji. Akasikitika: mtoto yule, na viatu vyembamba vile!

Jumanne, 6 Agosti
Kibanda kimejaa! Wanawake wametoka hadi Shumba. Na leo jambo la ajabu. Asya alisimama mlangoni kwao, askari mbele yake, midomo yake ikacheza. Nikasahau kama nipo Konde. Maneno yakanitoka yenyewe: "Nyumba hii ina mwenyewe." Sijui yametoka wapi. Nilipotoka nje nikazikuta karafuu zimeanikwa majamvini, nami nikaziona zimegeuka nyeupe, na binti anapita juu yake bila kuacha unyayo. Nusura nigongwe na baiskeli.

Pia: mkuu wa askari nimempa jina la Suhail. Kicheko hicho!

Jumatano, 7 Agosti
Suhail kalipiza. Kamleta Mwalimu Fausta, mtu wa Bara, anayefundisha fizikia. Ati alisoma chuo miaka mitano nchi hiyo hiyo ya theluji! Akaketi mstari wa mbele. Jasho lilinitoka hadi maiki ikateleza. Nikamfanya ami amwahidi Asya kwamba atamtafuta baba yake mpaka ampate. Wanawake wakamwombea ami dua.

Watu walipoondoka Mwalimu akanisogelea taratibu. Akasema maneno yangu na maneno yao hayajakutana hata mara moja. Yule si ami. Ni jirani, na ndiye aliyemuuza baba yake Asya kwa askari. Sehemu ya saba atamuuza na binti.

Na sisi tumeshamwombea dua!

Nikamsihi asiseme. Akajibu kuwa yeye hatasema, nitasema mwenyewe. Hanijui.

Alhamisi, 8 Agosti
Sehemu ya saba nimeiruka. Mjanja mimi! Ya nane ikafunguka: Asya kanyolewa nywele, yumo chumba chenye nondo, na ami kavaa koti jipya. Zogo! Nikasema hapo ni hospitali, kanyolewa kwa sababu ya homa, na koti ami kanunua ili aende kumtazama mgonjwa. Askari akamsukuma Asya ukutani. Nikasema huyo muuguzi, ana haraka.

Mama Mkubwa akainuka. "Nassor, hospitali gani yenye nondo?" Akajifunga kanga yake, akatoka. Wakamfuata wote. Feni ikabaki inazunguka peke yake.

Ijumaa, 9 Agosti
Baada ya sala nilikwenda kwake. Alikuwa anamenya muhogo, hakuniangalia. Nikamweleza yote, hadi habari ya ami. Nikasema nilitaka kumkinga na huzuni.

"Nani kakwambia mie nataka kukingwa? Siku zote hizi nalala na mtoto yule moyoni. Kumbe namwombea dua mtu aliyemuuza?"

Nikasema ndiyo. Ganda la muhogo likanipata shavuni.

"Basi n'ambie la kweli. Mtoto kalibeba, mie mtu mzima litanishinda kulisikia?"

La kweli silijui. Nikenda kwa Mwalimu Fausta kumwomba ashike maiki. Nilitembea kama niliye usingizini, barabara ndefu, miguu si yangu.

Jumamosi, 10 Agosti
Mwalimu maiki, mimi rimoti. Tukaanzia sehemu ya saba. Hakupamba neno hata moja. Jina la Asya tu ndilo watu walilomkatalia kulibadili.

Asya alikaa kifungoni vipupwe viwili na hakumtaja mtu. Askari waliposhindwa akatoka, ana miaka kumi na saba, uso wa mtu mzima. Akaenda kwa jirani yule. Mlango ukafunguliwa. Nikasubiri kofi. Asya akamuuliza baba yake kazikwa wapi. Basi, hilo tu. Jirani akaonyesha kilima kwa kidole, akalia. Binti akakiendea kilima, akawa mdogo, mdogo zaidi, mpaka akawa nukta ndani ya weupe.

Wallahi nilihisi baridi miguuni, hapa hapa Konde. Mama Mkubwa alinishika mkono kama zamani nilipokuwa na homa. Mlangoni alisimama Suhail, kauacha mpira wake, anafuta macho kwa mkono wa kanzu.

Jumapili, 11 Agosti
Mji mzima unanisalimu. Mwalimu Fausta kaombwa arudi, kasema ana mitihani ya kusahihisha. Mama Mkubwa kanitaka ahadi: nisitafsiri tena nisichokijua. Nimemwahidi kwa moyo safi.

Mchana nimepata flashi nyingine. Vita vya nchi ya milima, mji mwingine umetekwa, binti mwingine. Yumo bibi mmoja anayetabasamu sana. Bila shaka shangazi yake. Kesho baada ya alasiri naanza. Nimeshaulizia kwa uangalifu mkubwa: lugha ya hawa Mwalimu Fausta haijui hata neno.