Mtaro Uliokatazwa Maji

Hapana, mtaro wenyewe haukuwa na kosa. Msiuonee bure. Ulikuwa mpana, umenyooka, simenti inang'aa utadhani sahani ya mgeni. Shida ilikuwa moja tu: maji yalikatazwa kuingia.

Mwenyekiti wa Kamati ya Mitaro alipita mtaani na kipaza sauti. "Wananchi! Kwa mujibu wa utaratibu, ni marufuku mtu yeyote, mnyama yeyote au maji yoyote kutumia mtaro huu, mpaka mgeni rasmi akate utepe!"

Wakaziba mdomo wa mtaro kwa ukuta wa matofali, wakafunga utepe mwekundu, wakaweka na mgambo. Mwenyekiti akamwambia, "Kabla utepe haujakatwa, mtu asiguse. Hata mimi mwenyewe." Mgambo akapiga saluti. Na yule mgambo, neno likimwingia, halitoki hata kwa koleo.

Sasa, mdomo wa mtaro ulikuwa mlangoni kwa Bi Sindano, mjane, fundi cherehani. Utepe aliushona yeye, na mkasi wa kuukatia ulikuwa wake. Kila mvua ikinyesha, maji yaliingia kwake bila hodi, naye hukwea kitandani na cherehani yake kifuani kama mtoto mchanga. Cherehani ile ndiyo iliyobaki kuwa mume, ndiyo shamba. Ikilowa, basi tena.

"Baba Mwenyekiti, mvua ikija kabla ya mgeni?"

"Haiwezi, mama. Tumeshaiandikia."

Siku ya uzinduzi, hema likasimamishwa palepale mlangoni kwake. Viti vya mito, meza ndefu, masufuria yamefunikwa, harufu inatesa watu. Mgeni rasmi akachelewa. Mkubwa akiwahi, ukubwa uko wapi? Mvua, ambayo barua haikuipata, ikashuka kama imetumwa. Maji yakafika ukutani, yakakuta hayana ruhusa, yakageuza. Yakaingia kwa Bi Sindano, yakatoka, yakaingia hemani. Kiti cha mgeni rasmi kikaondoka peke yake, mto wake juu.

Mwenyekiti, suti imelowa mpaka mapajani, akapiga kelele, "Vunja ukuta!"

"Utepe haujakatwa, mkubwa," mgambo akasema.

"Amri si niliitoa mimi?"

"Ndiyo, mkubwa. Ukasema hata wewe mwenyewe."

"Basi nitaukata!"

"Anayekata ni mgeni rasmi, mkubwa."

Bi Sindano akatokea mlangoni, cherehani kichwani, maji yamempita magoti. "Mkasi ninao hapa kiunoni. Lakini kwanza nipokee mzigo, shingo inakatika."

Mwenyekiti akautazama mzigo, akayatazama masufuria, maji yamebakisha vidole kufika juu ya meza. Akaupokea kichwani.

"Basi namteua huyu mama awe mgeni rasmi!"

"Kwa kipaza sauti, mkubwa. Ndipo iwe rasmi."

Akatangaza, mkono mmoja kipaza sauti, mwingine cherehani. Mtaa mzima ukapiga vigelegele.

"Na hotuba?" mgambo akauliza.

"Maji, piteni," Bi Sindano akasema. Akakata.

Mgambo akapiga saluti, akaupiga ukuta nyundo. Maji yakatoka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi.

Ndipo gari la mgeni rasmi likafika. Mwenyewe akashuka, kiatu kikavu. "Nimekuja kuzindua."

"Mtaro umeshazinduliwa, mzee," mgambo akamjibu. "Mgeni rasmi yupo, ananawa mikono. Wewe ni nani kwenye utaratibu?"

Mzee akamtafuta Mwenyekiti kwa macho, Mwenyekiti akatazama chini kadiri cherehani ilivyomruhusu. Masufuria yakafunuliwa. Bi Sindano akakaa meza kuu. Mzee akapewa ndoo iliyopinduliwa, sahani mapajani.

"Mama, niishushe wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Sakafu yangu imelowa, mwanangu. Ngoja ikauke, ndio utaratibu."

Watu wakacheka mpaka wali ukawapalia. Baadaye Bi Sindano akamhurumia, akasogeza sahani, cherehani ikatua mezani, pale pale mbele ya mgeni rasmi. "Haya, kaa ule."

Viti vilikuwa vimekwisha. Mwenyekiti akaokota tofali moja la ule ukuta wake, akalikalia.