Marehemu Anaomba Kibao Kibadilishwe

Nikiforos Psaltis,
Nyumba yenye mlango wa buluu, juu ya gati,
Kisiwa cha Anemusa.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Makumbusho ya Sanaa ya Zarkadi,
Athene.

YAH: KUTANGAZIWA KIFO BILA RIDHAA YANGU

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Natumaini wewe na wafanyakazi wako nyote ni wazima. Mimi pia ni mzima, na hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Mimi ni mfuga nyuki wa miaka sabini na saba, mume wa Argiro, ambaye uso wake unaning'inia katika chumba chenu cha tatu, mkono wa kushoto ukiingia. Aliyemchora ni Mdenmark mmoja, Bwana Aksel, aliyepanga chumba hapa kisiwani kiangazi cha mwaka 1976. Chini ya picha mmeweka kibao kinachosema: "Mjane wa Anemusa. Mwanamke kijana anaitazama bahari iliyommeza mumewe mvuvi." Nimekisoma kibao hicho kwa miwani na bila miwani, na maneno ni yaleyale. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Sijafa. Naliweka hili mwanzo kwa sababu mengine yote yamelishikilia. Tena mimi si mvuvi, na sijapata kuwa mvuvi. Bahari nikiitazama tu kutoka dirishani tumbo linanigeuka, na samaki nawanunua kwa wenzangu kama unavyowanunua wewe. Kama mliona lazima nife, mngeniua kwa nyuki, ningewaelewa.

2. Tangu mlipoanza kugawa ile karatasi yenu ya "Sanaa na Visiwa", wageni huiona picha kwenu leo, na kesho wanapanda meli kuja kumwona mjane mwenyewe. Meli hufika Jumanne na Ijumaa. Wanapanda ngazi zetu polepole, kofia mkononi, wanamshika Argiro mikono na kutikisa vichwa. Hapa kwetu kila aliyepanda ngazi ya nyumba hupewa kijiko cha matunda yaliyopikwa kwa asali na glasi ya maji baridi, hata akiwa amekuja kukupa pole ya msiba usiokuwapo. Matunda nayapika mimi, asali ni yangu, na sinia nalibeba mimi. Mama mmoja wa Uholanzi aliuliza huyu mzee wa sinia ni nani. Argiro akajibu, "Huyu? Huyu ananisaidia kazi za nyumba." Ni kweli kwamba namsaidia, Mheshimiwa, lakini sikudhani hiyo ndiyo sifa yangu ya kwanza. Wageni huleta na chokoleti. Nazila, sikatai, ila si kazi rahisi kuimeza chokoleti ya matanga yako mwenyewe.

3. Mke wangu ameharibika. Alikuwa mtu wa magauni ya maua. Siku hizi, Jumanne na Ijumaa, anatoa nguo nyeusi sandukuni na kukaa mlangoni kabla honi ya meli haijalia. Nikimlalamikia ananiambia, "Watu wametoka mbali. Nikiwavalia maua wataona wamedanganywa. Na wewe acha kukohoakohoa huko ndani."

Mpwa wangu Lefteris, anayepangisha vyumba pale gatini, naye amenijia na lake. "Mjomba, nakuomba, siku za meli kaa huko nyuma kwenye mizinga. Mtu akikuona uko hai, sisi tumekwisha." Nikamwambia, Lefteris, mimi ni kaka wa mama yako mzazi. Akasema, "Ndiyo maana nakuomba, Mjomba. Angekuwa mtu baki ningemfukuza."

4. Wageni wananiwashia mishumaa kanisani. Nilimwendea Padri Anthimos atangaze madhabahuni kwamba nipo. Akajikuna ndevu. "Nikiforos, dua ya marehemu haijawahi kumdhuru mtu aliye hai. Wewe ihesabu kama akiba." Kisha akatazama pembeni kama mtu aliyeficha tonge shavuni. Na hili limenishangaza zaidi: wazee wa hapa, ambao hucheka hata punda akiteleza, nikiwasimulia kwamba nimefanywa maiti hawacheki. Wanajitemea mate kifuani kuondoa nuksi, halafu wanauliza habari za mvua.

5. Kaburi. Aliyemezwa na bahari hana kaburi, lakini wageni walitaka pa kuweka maua, na Lefteris hapendi mgeni aondoke hajaridhika. Akawaonyesha mzinga wangu mkongwe kuliko yote, ambao umepakwa chokaa nyeupe na kwa mbali unaweza kumdanganya mtu. Mjerumani mmoja alipiga magoti mbele yake na kuuegemezea paji la uso. Nyuki hawakuwa wameambiwa kwamba ni kaburi. Alirudi gatini amevimba macho yote mawili, na wenzake wakaona jinsi alivyolia, wakazidi kuja.

6. Hili la mwisho ndilo lililonitoa kisiwani. Mwezi uliopita nilipanda meli, nikatapika hadi bandari ya Pirea, nikafika kwenu nikiwa na rangi ya mtu yule mnayemtangaza. Dada wa tiketi alitaka kitambulisho ndipo anipunguzie kiingilio kama mzee. Akakitazama, akanitazama, akaridhika kwamba ni mimi na kwamba nipo. Kwa hiyo mlangoni kwenu mimi ni hai, na chumba cha tatu mimi ni maiti. Naomba ofisi hizo mbili zikae pamoja zikubaliane.

Nilikuja nimekusudia kugombana na kibao. Lakini kabla ya kibao kuna picha, Mheshimiwa, na mimi nilikuwa nimeiona tu kwenye zile sumaku za jokofu mnazouza, ambamo uso wa mke wangu una ukubwa wa biskuti. Pale ukutani ni mkubwa kama alivyo. Ana miaka ishirini na minne. Amekaa mlangoni kwetu, mikono imelegea mapajani, viganja vimetazama juu, na anaiangalia bahari kama imeondoka na kila alichokuwa nacho. Nimemwoa miaka hamsini na mmoja sasa. Amenitazama kwa hasira, kwa uchovu, kwa kicheko, na mara nyingi zaidi kwa kutafuta chumvi iliyo nyuma yangu. Vile hajanitazama hata siku moja. Nilisimama pale nikaumia. Nakuambia wazi kwa sababu hunijui: nilimwonea wivu yule maiti, na maiti mwenyewe ni mimi.

Mlinzi wenu akaja. "Babu, rudi nyuma kidogo, kengele italia." Nikamweleza kwamba mimi ndiye mume aliyezama. Akasema, "Sawa babu, hata yule wa Jumatatu alisema hivyohivyo." Naomba pia nielezwe huyo wa Jumatatu ni nani.

Sasa nisaidie kufikiri. Pembeni mwa picha pameandikwa Agosti 1976. Agosti ile nilitoka kisiwani mara moja tu, nilipokwenda Athene kung'olewa jino. Bwana Aksel namkumbuka, maana siku niliyorudi tulipishana kwenye ngazi ya meli, yeye akipanda na kabrasha la michoro kwapani, mimi nikishuka na redio mpya. Basi alimchora mke wangu wakati mimi niko kwa daktari wa meno. Hata nilichelewa kurudi, kwa kuwa upepo wa Agosti uliizuia meli Pirea siku nzima, nikalala bandarini juu ya magunia ya vitunguu. Nilipofika kesho yake kisiwa kizima kilikuja kunipokea. Padri wa wakati ule alinibusu mashavu yote mawili, hata lile lililovimba. Mama yangu alinizaba kofi, kisha akanikumbatia akawa haniachii. Nilidhani ni kwa ajili ya redio.

Argiro hakuja gatini. Nilimkuta jikoni anamenya viazi, amevaa nyeusi. Hakugeuka. Akasema, "Umechelewa. Supu imepoa." Nikamuuliza nyeusi ya nani, akaniambia ya shangazi yake wa Aleksandria, amekufa kwa sukari. Sikuwahi kumsikia shangazi huyo, lakini ukoo wao ni mkubwa, nikampa pole. Alimwombolezea mpaka arobaini.

Mke anajua mumewe yuko kwa daktari wa meno. Mtu aliyekwenda kung'oa jino hatazamiwi hivyo. Shangazi naye hakupotelea baharini. Basi mke wangu alikuwa anamtazamia nani? Kibao chenu kinasema mumewe, mvuvi. Mumewe si mvuvi. Kwa hiyo ama kibao ni cha uongo, ama kuna mvuvi. Nimelala kando ya mwanamke huyu miaka yote bila kumfikiria mvuvi yeyote, na sasa kila wanapopita chini ya dirisha na nyavu zao nawatazama mmoja mmoja, hasa walio wa rika langu, nikimtafuta mwenye uso wa kungojewa mlangoni. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ninyi mmelisema, na kwangu limeshafika. Sili vizuri.

Kutokana na hayo naomba kwa unyenyekevu kibao kiondolewe. Ikishindikana, naomba bahari iliyo ndani ya picha ipakwe rangi nyeupe ili asiwe na pa kutazama. Ikishindikana, nipewe kiti kando ya picha hiyo Julai na Agosti, niwe nakaa hapo saa za kazi nikiwa hai, ili wageni wajionee wenyewe na wasihangaike kupanda meli. Nimeona chumba chenu kina hewa ya baridi, nami sitadai kitu zaidi ya maji ya kunywa. Na kama hayo yote hayawezekani, basi nipeni cheti cha kifo chenye muhuri, nijue moja. Mtu hawezi kuwa hai nusu nusu, siku za meli hayupo na siku nyingine anatumwa kuleta kuni.

Nisalimie wafanyakazi wote, hasa dada wa tiketi aliyethibitisha uhai wangu, na mlinzi wa chumba cha tatu, na yule wa Jumatatu akitokea tena. Wasalimie pia wageni wote waliomlilia mvuvi. Chokoleti zao zilikuwa nzuri.

Ni mimi mtiifu wako, niliye hai hadi wino huu unapokauka,

Nikiforos Psaltis.

Baada ya sahihi:

Mheshimiwa, bahasha ilikuwa imekwisha kufungwa. Argiro akaifungua kwa mvuke wa birika, kwa sababu anasema mimi siwezi kuwaandikia watu wa Athene asione nimeandika nini. Akaisoma yote mezani, akivua miwani na kuivaa tena. Nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka.

"Mvuvi," akasema. "Wewe mzee, akili zako umewagawia nyuki?"

Ndipo akanieleza. Siku ile ya upepo, mawimbi yalitupa chini ya nyumba yetu boya la kuokolea watu lenye jina la meli yetu, Evanthia. Lilikuwa limedondoka safari iliyotangulia, lakini nani angejua? Simu ilikuwa moja, ya duka la kahawa, na upepo ulikuwa umekata waya. Watu wakalitazama boya, wakaamini meli imezama nami. Mama yangu akafungua sanduku, akatoa nguo nyeusi, akamvalisha mkwewe. Argiro akakaa mlangoni tangu adhuhuri mpaka giza likaingia. Ng'ambo ya njia alikuwapo Mdenmark na penseli yake, na asubuhi akaondoka na meli ileile iliyonileta, bila kumuuliza mtu.

Na hapa kwetu mtu aliyeliliwa akiwa hai haambiwi kamwe. Haros, yule mchukua roho, akisikia atakumbuka kwamba kuna mmoja alimsahau. Tena nguo nyeusi ikishavaliwa haivuliwi kabla ya arobaini, hata kama uliyemlilia yuko mezani anaomba chumvi. Shangazi wa Aleksandria hakuwapo. Kisiwa kizima kimenifichia siri miaka arobaini na minane, na mama yangu aliondoka nayo.

Nikamuuliza mbona ananiambia leo.

"Una miaka sabini na saba. Kwa umri huo Haros hahitaji kukumbushwa," akasema. "Na ningekuambia zile siku, humu ndani nani angekaa na wewe? Ungejiona." Akaikunja barua vizuri kwenye mikunjo yake. "Ile supu niliipika usiku uleule. Watu wananiuliza, unampikia nani. Nikapika."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tafadhali yapuuze malalamiko yote, kuanzia la kwanza mpaka la sita. Kibao kisiguswe, na bahari iachwe ilivyo. Leo si siku ya meli, naye amekaa mlangoni na gauni lake la maua, na mimi nimekaa kando yake, sijakohoa. Nilitaka kuwaomba muongeze chini ya kibao maneno machache tu, kwamba yule mume alirudi kesho yake. Argiro amenikataza. Anasema hatujui Haros hutembelea makumbusho gani.