Taarifa ya Bodi Kuhusu Jitu la Ghorofa ya Juu

Bodi ya Ukaguzi wa Michezo ya Kompyuta inayo furaha kuutangazia umma kwamba, katika kutekeleza wajibu wake wa kisheria, ilikufa mara mia nne na kumi na mbili, na kwamba vifo vyote vilifuata utaratibu. Hakuna mjumbe aliyekufa bila kibali. Kila kifo kilipewa namba, kikapigwa muhuri, kikaingizwa kwenye faili la kijani. Wale wanaosema vijiweni kwamba Bodi hii inakula na kulala waje walione faili lenyewe, maana halibebeki kwa mkono mmoja.

Mimi ndiye Katibu wa Bodi. Kwa miaka kumi na tisa nimetembea hatua mbili nyuma ya Mwenyekiti nikiwa nimeshika mkoba wake, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa sikuyasikia kwa watu.

Kanuni yetu ya Nne inasema hakuna mchezo utakaoonyeshwa hadharani mpaka Bodi iukague tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya Katibu. Mwenyekiti aliitunga mwenyewe, zamani zile mchezo mkubwa ukiwa ni nyoka wa kwenye simu anayekula vidoti. Wakati huo hakuna aliyewaza kwamba siku moja mwisho wa mchezo utagoma kufikiwa.

Akaja fundi simu mmoja, binti wa miaka ishirini na sita hivi, mwenye adabu zake. Alimwamkia kila mtu ofisini, hadi fundi wa mabomba aliyekuja kuziba koki na hakuwa mtumishi wetu. Alikuwa ameacha kibanda chake cha kutengeneza simu kwa miaka miwili ili atengeneze mchezo sebuleni kwa mama yake. Mchezo wenyewe ni hivi: msichana mwenye upanga mfupi na ngao ya mfuniko wa sufuria anapanda ngome kwenda kuchukua kengele ya kijiji iliyoibwa. Njiani kuna majitu mawili. Vijana wanaocheza huliita jitu la mwisho "bosi", lakini Mwenyekiti alielekeza neno hilo lisitumike kwenye nyaraka zetu, kwa kuwa bosi ni cheo na hakipewi mtu bila barua.

"Shikamoo mzee," binti aliniambia siku ya kwanza. "Maonyesho yanafunguliwa Jumatatu ya wiki ya kumi kuanzia leo. Nisipokuwa na cheti, meza yangu anapewa mwingine, na nafasi hiyo hairudi tena. Zitatosha?"

"Wiki kumi?" nikamwambia. "Mwanangu, utakipata hadi ukisahau."

Jitu la kwanza tulilishinda wiki ya pili. Kusema kweli lilijikwaa lenyewe likatumbukia shimoni wakati Bodi iko kwenye mapumziko, lakini ushindi ni ushindi, na wajumbe walipongezana kwa kushikana mikono. Kazi ikabaki kwa Jitu la Ghorofa ya Juu.

Jitu hili ni pande la mtu lenye fimbo ya chuma. Mkakati wetu wa kwanza ulikuwa Mkakati wa Cheo. Mwenyekiti alishika kile kidude chenye vitufe yeye mwenyewe na kumtembeza msichana moja kwa moja mpaka mbele ya Jitu, bila kukwepa wala kuinua ngao.

"Mwenyekiti, kwepa," mjumbe mmoja akathubutu.

"Mimi sikwepi," Mwenyekiti akasema. "Ninapishwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Akafa mara themanini na tatu kwa namna hiyo hiyo, pasipo kubadili msimamo. Ninakiri nilimheshimu zaidi.

Ukafuata Mkakati wa Maridhiano. Kila hatua ilitolewa hoja, ikaungwa mkono, ikapigiwa kura. Hoja ya kuruka ilipita kwa kura tatu dhidi ya moja, lakini ikapita msichana akiwa ameshalala chini dakika sita. Tulimwandikia mwombaji barua kumtaka alielekeze Jitu lake kusubiri akidi. Alijibu kwa heshima kwamba Jitu halisomi barua, na kwamba akilibadilisha utakuwa mchezo mwingine na faili litaanza upya. Barua yake tukaipa namba.

Wa tatu ulikuwa Mgawanyo wa Majukumu, ambao hata mimi niliuona una akili. Wajumbe wanne, kila mmoja na kitufe chake: Mjumbe wa Kutembea, Mjumbe wa Kuruka, Mjumbe wa Ngao na Mjumbe wa Upanga. Mwenyekiti alibaki na jukumu la kuruhusu. Kaa uwaone watu wazima wanne wenye vitambi wamekigombania kidude cha ukubwa wa nusu mkate, jasho linawatoka, kiwiko cha huyu kimo kwenye miwani ya yule. Wiki ya saba Mjumbe wa Ngao alikwenda likizo. Aliyekaimu hakuwa amepata barua ya kukaimu, kwa hiyo alikiweka kidole juu ya kitufe bila kukigusa, na wiki nzima tukafa bila ngao.

Muda wote huo binti alikaa nje ya mlango wetu. Kila siku saa sita mchana simu yake ilikuwa inalia, na kila siku nilimsikia: "Bado mama. Bado kidogo. Wanakagua." Mwanzoni alikuwa anasema akicheka. Kufikia wiki ya tisa alikuwa anaiangalia simu mpaka inanyamaza yenyewe.

Ijumaa ya mwisho Bodi ilikufa mara ishirini na mbili asubuhi, kisha ikaenda kula. Mimi nilibaki kulinda kifaa. Binti aliingia kuuliza kama kuna matumaini, akaona ile skrini na maneno UMEKUFA, akakaa chini kwenye kapeti na kuanza kulia kimyakimya, kama mtu anayeona aibu kusumbua. Kanuni zetu hazina fungu la kulia ndani ya chumba cha ukaguzi. Nikajifanya napanga karatasi. Roho iliniuma.

Ndipo alipoingia Mama Muhtasi. Huyu mama huchapa barua za Mwenyekiti na kukaa mlangoni kwake. Amebakiza miezi minne astaafu, ana wajukuu watano, na huchapa kwa vidole kumi huku macho yake yakiangalia dirishani.

"Jamani, nimechoka kumwona mtoto wa mwenzangu anakauka hapa," akasema. "Hebu nipe hicho kidude."

"Mama, wewe si mjumbe."

"Kanuni inasema mbele ya Katibu. Wewe si Katibu?"

Ilikuwa kweli. Akavuta kiti, akavaa miwani yake ya kusomea. Akafa mara moja, akaguna. Akafa mara ya pili, akasema, "Ahaa. Huyu namjua."

"Unamjua wapi?" binti akauliza, anajifuta machozi.

"Lina ratiba, mwanangu. Tazama. Linaingia, linagonga fimbo mara tatu. Hapo usijibu kitu, linataka tu ujue kwamba limefika." Vidole vyake vilikwenda taratibu. "Sasa linafoka. Likifoka usisimame mbele yake, na usikimbie pia, ukikimbia litadhani umekosa. Sogea huku kushoto. Upande huu haliangalii kabisa, si unaona? Liache lifoke. Litapiga meza... hapana, litapiga sakafu. Haya, limepiga. Sasa limechoka, linaegemea, linahema. Hapo ndipo pa kulipa pigo. Moja tu. Umeshampa? Ondoka."

"Mbona alikuwa bado anahema?" nikauliza. "Si ungempa na ya pili?"

"Weee. Tamaa mbele, mauti nyuma. Ukipata moja, shukuru, toka nje, funga mlango polepole. Utarudi baadaye na nyingine."

"Haya mambo umejifunza wapi?"

"Miaka thelathini na moja, wenyeviti sita," akasema.

Sikuona uhusiano, lakini niliandika. Alirudia vile vile mara kumi na nne, bila haraka, anamweleza binti habari za meno ya mjukuu wake wa mwisho. Mara ya kumi na tano Jitu lilipiga magoti. Kengele ya kijiji ikalia, na binti akashika mdomo kwa mikono miwili.

Na hapo mlango ukafunguka, Bodi ikarudi kutoka kula.

Mwenyekiti aliangalia skrini, akamwangalia Mama Muhtasi. Akagonga meza mara tatu kwa kifundo cha kidole. Hakuna aliyejibu.

"Nani," akaanza, "nani katika nchi hii amemruhusu mchapaji kugusa kifaa cha ukaguzi?" Akaendelea. Alizungumzia nidhamu, ngazi, mipaka ya madaraka, na uzembe wa vizazi vyote isipokuwa chake. Alitikisa faili la kijani hadi vifo kadhaa vikamwagika sakafuni. Alisema mchezo huu hautapata cheti yeye akiwa hai, na kwamba mwombaji aanze upya. Binti alipauka midomo.

Wajumbe wote wanne, bila hoja wala kura, wakasogea upande wa kushoto. Nikajikuta na mimi nipo huko.

Mwenyekiti akapiga meza kwa kiganja, kikombe kikaruka. Kisha akakaa. Akaegemea kiti, akafumba macho, akahema.

Mama Muhtasi alimwekea karatasi moja mbele yake, na kalamu juu ya karatasi. Mwenyekiti akatia saini bila kufumbua vizuri, kama anavyotia saini kila kitu baada ya kufoka. Mama akaichukua.

"Na ruhusa yangu ya Jumanne?" Mjumbe wa Kuruka akamnong'oneza.

"Moja," Mama akasema, akatoka na kufunga mlango polepole.

Dakika mbili baadaye tulisikia sauti ya binti koridoni: "Mama? Mama, nimepata. Nimekishika hapa." Nilifurahi sana. Naliandika neno hilo hapa kwa sababu kwenye kumbukumbu za kikao halina mahali.

Jumatatu Mwenyekiti aligundua kwamba cheti kina saini yake. Aligundua kwa njia ya pongezi. Waandaaji wa maonyesho walipiga simu kumwomba kiongozi aliyelishinda Jitu aje awaonyeshe wananchi namna alivyolishinda. Kukanusha saini yake mwenyewe asingeweza, kwa hiyo tulikwenda, yeye mbele, mimi hatua mbili nyuma na mkoba.

Meza ya binti ilikuwa na foleni inayozunguka ukumbi. Waheshimiwa walipewa kipaumbele. Mwenyekiti akafa. Mkurugenzi wa idara jirani akasema, "Nipishe nikuonyeshe," akafa. Katibu Mkuu wa Wizara, ambaye Mwenyekiti humpisha kwenye ngazi, akafa mara tisa akiwa amesimama wima mbele ya fimbo, akalalamika kwamba Jitu halina heshima. Baada yao zikaingia ngazi za chini. Tarishi alipita. Mfagizi wa ukumbi alipita, tena akiwa na ufagio kwapani. Wahudumu, makarani, walinzi, yaya mmoja aliyekuja na mtoto wa mwajiri wake, wote walipita, mara ya kwanza au ya pili. Binti alikuwa anaandika matokeo kwenye daftari, anashangaa kuliko sisi.

Dereva wa Mwenyekiti alishika kidude kwa mkono mmoja, mwingine una funguo za gari.

"Mzee, ungesogea kushoto," alisema kwa upole. "Halafu unamsubiri tu." Na kengele ikalia.

Tukarudi kwa gari. Mwenyekiti alifungua dirisha, akalifunga. Kisha akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya kawaida, ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Katibu. Nilikuona na wewe unacheza. Ulifika wapi?"

Dereva alinitupia jicho kwenye kioo. Nililishinda mara ya kwanza, bila kuguswa hata ncha ya nywele, mkoba wake ukiwa begani mwangu.

"Nilifia mlangoni, Mwenyekiti," nikasema. "Mara kumi na moja."

Uso wake ukanawiri. "Umeona? Jitu hilo halishindiki." Akaniagiza niandike taarifa kamili kwa umma, nieleze hatua kwa hatua jinsi Bodi ilivyopambana chini ya uongozi wake, nisiache kitu.

Nimeandika kama nilivyoagizwa na sijaacha kitu. Leo asubuhi Mwenyekiti amefoka kuhusu kiyoyozi, alipokaa nikamwekea kurasa hizi mbele yake. Ametia saini zote, na nakala zimeshabandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi zote.