Dhamana Iliyokatwa kwa Jogoo wa Msiba

Newala, kwa mwanangu Anjelina

Kwa Bibi Sijaona, yaani Mama Abuu, mwenye nyumba,
Mkomaindo, Masasi.

Mtani wangu,

Shikamoo sikupi. Nimekutangulia kuzaliwa na wewe Mmakua unalijua hilo, hata kama siku ile makaburini ulinifukuza kama paka aliyeiba dagaa. Mimi mzima. Mwili ni uleule uliobeba magunia mawili ya korosho toka Lupaso mpaka mnadani bila kutua. La tatu nililikataa kwa aibu tu, watu walikuwa wanatazama.

YAH: KUDAI DHAMANA YANGU YA CHUMBA, SHILINGI ELFU SITINI

Pesa hiyo nilikupa mkononi miaka minne iliyopita, ukaifunga kwenye pindo la kanga mbele ya Lukmani fundi cherehani. Ukasema, "Mzee Dastani, siku ukihama utaikuta." Nimehama, mwezi wa pili huu, sijaikuta. Umemtuma huyohuyo Lukmani aniambie umeikata yote. Haya, nakujibu moja moja.

1. Tundu. Unasema nimetoboa ukuta wa kati ya chumba changu na sebule yako. Mama Abuu, ukuta ule ni udongo na uzee. Tundu nililikuta. Na kama halikuwepo, basi lilikuwa njiani linakuja. Mimi nimejenga nusu ya nyumba za Masasi, na nusu nyingine wamejenga walioniangalia. Nitoboe ukuta nipate nini? Panya wa Mkomaindo wana meno, wadai wao.

2. Kuku. Unasema kuku wako watano walilewa. Walilewa, sikatai. Lakini mabibo yangu ya mikorosho niliyoyaloweka yawe pombe yalikuwa kwenye ndoo, ndoo ina mfuniko, juu ya mfuniko tofali. Kuku anayeshusha tofali huyo si kuku, huyo ni kibarua, mlipe. Mimi sikumkaribisha hata mmoja. Mmoja aliwika saa nane mchana akidhani kumekucha, na yule alikuwa jike! Ulipaswa kunishukuru, nimekuongezea jogoo.

3. Msiba. Hapa ndipo moyo wangu ulipovimba. Siku ya kumzika kaka yako Husseni, Mungu amrehemu, niliingia kaburini nikalala. Ndiyo, nililala. Mtani asipolala, alale nani? Nikasema sitoki mpaka nipewe jogoo na elfu tano, kwa sababu Husseni aliniahidi atanizika yeye, halafu kanitangulia, huo ni utapeli. Watu walicheka. Hata mashehe waligeukia pembeni, mabega yanacheza. Wewe, uliyegoma kubaki nyumbani na wanawake wenzako, peke yako hukucheka. Ukasema, "Dastani, leo sitaki." Ukatoa jogoo, ukatoa elfu tano, na kesho yake ukavikata kwenye dhamana ya chumba!

Tangu lini utani ukakatwa kwenye chumba? Alipokufa shemeji yangu Alfredi, ulikuja mpaka huku Newala, ukanivua kofia ukaivaa, ukazunguka msibani ukiniigiza ninavyolia. Uliniigiza vizuri mno, mpaka mimi mwenyewe nikajionea huruma, nikacheka. Kofia hujarudisha. Nimekudai?

4. Ulinzi. Sasa na mimi nakukata. Kila asubuhi ulikuwa unalalamika kuwa nakoroma. Kwa Ashraf jirani yako wameiba mpaka mlango. Kwako hawakugusa hata ufagio. Wezi walikuwa wakipita wanadhani umefunga mashine ya kukoboa. Mlinzi wa ghala la korosho analipwa kila mwezi, naye akilala halindi. Mimi nalinda nikiwa nimelala. Hiyo kazi hata polisi hawaiwezi.

5. Wajukuu wa pesa. Kwa elfu sitini ile ungenunua mbuzi jike. Miaka minne, angekuwa ana watoto na wajukuu. Sitaki mama peke yake, nataka na ukoo.

Jumla nadai: elfu sitini, mbuzi tisa, mshahara wa ulinzi, kofia, na panya waje kuniomba radhi. Nakupa siku saba. Zikipita, nakuja kulala mlangoni kwako kama nilivyolala kaburini, na safari hii kwa jogoo mmoja sitoki.

Nisalimie Abuu na wanawe, Ashraf na mlango wake mpya, na kuku wote, hasa yule aliyewika.

Anayekudai kwa heshima na bila kucheka,
Mzee Dastani, Mmakonde, aliyekuwa mpangaji wako.

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa.
Nakala: Lukmani, maana najua ataifungua njiani.

Nyongeza: Pesa usilete. Huku nakula vizuri, lakini mkwe wangu Anderson ni mwalimu. Nikisimulia yale magunia ananiuliza yalikuwa kilo ngapi, mwaka gani. Sina wa kumdanganya. Hiyo elfu sitini iache hukohuko pindoni, iwe dhamana ya chumba kilekile, kama hujampa mtu.

Jogoo sijamla. Mara tatu nimeshika kisu, ananitazama kama Husseni akitaka kukopa. Jumamosi nakuja naye.

Na tundu nililitoboa mimi, kwa msumari wa nchi sita, mwezi uleule niliohamia. Nilitaka kujua kama hadithi zangu unazicheka kweli au unanistahi tu mzee. Nikasikia ukishaingia ndani unacheka peke yako mpaka unakohoa. Baada ya kumzika Husseni nililala nimetega sikio pale wiki nzima, sikusikia ukicheka hata mara moja, ndipo nikaondoka. Usilizibe, mtani. Nina hadithi mpya ya jogoo.