Kompyuta Nzuri Kuliko Zote Maswa

Jumatatu, 14 Julai 2025

Siku kubwa! Mwalimu Mayige, mkuu wa sekondari moja kule Lalago, kaja hadi kibandani kwangu hapa Binza. Shule imepewa kompyuta kumi zilizotumika. Zina mfumo wa Linux, maana ni wa bure. Anatafuta fundi wa kuzipanga na kuzitunza mwaka mzima. Mimi! Kisha akavuka barabara hadi kibanda cha fundi mwenzangu Joyness, akamwambia maneno yaleyale. Kila mmoja aandae kompyuta moja, walimu wazijaribu, Ijumaa wachague. Joyness! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mausi.

Jumanne, 15 Julai

Nimechungulia kazi ya Joyness. Mstari mnene wa kijivu chini ya kioo. Maandishi makubwa kama bango la duka la dawa. Kitufe kimeandikwa MTIHANI, kingine CHAPISHA. Nimemhurumia.

Yangu ni kitu kingine. Mstari wa chini nimeuondoa. Vialama vya kufungia madirisha nimeviondoa, vinaharibu sura. Madirisha yenyewe yanaonyesha kilicho nyuma yake, na nyuma nimeweka picha ya shamba la pamba iliyopasuka, nyeupe hadi unataka kulia. Maandishi meupe pia, yaendane. Ukifunga dirisha, linaungua moto! Kioo nimekigawa vyumba tisa vya kazi, kinazunguka kukupeleka kutoka kimoja hadi kingine. Mausi haina kazi. Kila jambo lina mchanganyiko wake wa vitufe vya kibodi. Jumla thelathini na mmoja. Walimu ni wasomi, watashika.

Jumatano, 16 Julai

Lalago. Ushindi! Walimu wamejazana kwenye kompyuta yangu. Mkuu wa shule kafungua na kufunga dirisha mara kumi na moja ili aone moto. Ya Joyness imekaa pembeni kama mgeni asiyealikwa.

Doa moja tu. Mwalimu Maximiliana, wa Biolojia, mama wa makamo anayechapa mitihani yote, aliniuliza faili linafunguliwaje. Nikamweleza vitufe vitatu. Akauliza vimeandikwa wapi. Nikamwambia vinakaa kichwani, mayu, kama tunavyowaita akina mama huku. Akanitazama kama anasahihisha daftari baya. Akaandika kiganjani.

Joyness alipoondoka nikapata wazo. Kesho mama huyu anachapa mtihani wa kidato cha nne. Akiuchapa kwangu, nani atabisha? Nikamnong'oneza kwamba kompyuta ya Joyness ina hitilafu, asiiguse. Uongo mdogo. Wa siku mbili tu.

Alhamisi, 17 Julai

Simu saa nne asubuhi. Mwalimu Maximiliana, sauti imekauka. Kachapa mtihani wote, kagusa kitu, umepotea. Kauanza upya. Umepotea tena. Mara ya tatu vilevile. Wanafunzi themanini na wanne wanaufanya kesho saa mbili asubuhi. Nikamwelekeza kwenye simu. Akasema dirisha fulani limeungua. Nikamuuliza kama moto umependeza. Akakata.

Nimepanda bodaboda hadi Lalago. Walimu wamejaa mlangoni. Mwalimu Maximiliana kakaa na kitambaa machoni. Karatasi alizoandika rasimu kashazichana, maana mara ya tatu alikwisha maliza kuchapa. Nikakaa kwa kujiamini. Nikabonyeza. Kioo kikazunguka. Nikabonyeza tena. Pamba. Maandishi meupe juu ya pamba nyeupe, mimi mwenyewe sikusoma hata herufi. Na ile michanganyiko, nilikuwa nimeibadilisha jana asubuhi. Ukweli niuandike humu: sikuikumbuka. Jasho!

Ndipo akaingia Joyness, kaja kuangalia kompyuta yake. Hakucheka. Ningependelea acheke. Akamsalimia mama, "Mwangaluka, mayu," akamwomba amweleze pole pole alichogusa. Akafungua kioo cheusi cha amri, akaandika moja fupi, ikatoka orodha ya madirisha yote yaliyo wazi. Mtihani haukupotea! Kila akigusa vibaya, alikuwa anausukuma kwenye chumba kingine cha kioo. Yaliyoungua ni madirisha mengine matupu tu. Nakala moja ilikuwa chumba cha tano, ya pili cha sita, ya tatu cha tisa. Joyness akazitia kwenye flashi, akazipeleka kompyuta yake. Mwalimu Maximiliana akasita.

"Si ina hitilafu?"

"Nani kasema, mayu?"

Wote wakanigeukia. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilivaa kandambili.

Mama akabonyeza CHAPISHA kwa kidole chake mwenyewe. Mtihani ukatoka kwenye printa.

Ijumaa, 18 Julai

Mtihani umefanyika. Kazi kapewa Joyness. Mkuu wa shule kaniita ofisini, Mwalimu Maximiliana na Joyness wapo.

"Gilbert, ulimdanganya huyu mama?"

Nikasema ndiyo. Ilitoka kabla sijapanga jibu lingine. Nikaomba radhi, kwa Joyness pia, macho chini. Nilitegemea anichambue. Akasema tu, "Lakini kaka Gilbert, ile picha ilikuwa nzuri." Akaniomba nimsaidie zile kompyuta kumi. Niweke picha za nyuma. Picha tu. Alirudia: picha tu, kitu kingine usiguse.

Nimerudi Binza nikiwa mdogo kama punje ya mtama. Nimejifunza. Kompyuta ni ya anayeitumia. Neno hilo nimeliandika kwa herufi kubwa na kulibandika ukutani.

Jumapili, 20 Julai

Nimemaliza picha kumi. Zimetulia. Sijagusa kitu kingine.

Ila saa. Saa ya Joyness ni vitarakimu vidogo kwenye kona, kama risiti. Mwalimu anayesimamia mtihani anahitaji kuona saa. Hapa nawaza matumizi, siyo urembo! Nimetengeneza ya mduara, ya dhahabu, katikati kabisa ya kioo, mbele ya kila dirisha. Mishale yake inapumua. Haifungiki, haisogezeki. Nani anataka kufunga saa?

Nimeanza na kompyuta ya Mwalimu Maximiliana. Kama kumwomba radhi.