Hoteli Iitwayo Meriba

Kwa maneno ya jirani wanayemwita Radio, aliyepakana ukuta kwa ukuta na hoteli mpya ya pale Bulyaga, jana mchana kulipigwa vita. Dereva wa lori la chai aliagiza ndizi na maharage, akangoja mpaka usingizi ukampitia, akazinduka, sahani hakuna. Akaikamata meza kwa hasira. Na meza ile, Radio anaapa, ilitoka mlangoni kwa miguu yake yote minne ikashika njia ya Kisiba.

"Ilikwenda Kisiba kufanya nini?" akauliza Mwalimu Fred.

"Muulize mwenye meza, huyo hapo!"

Benchi zima la kahawa likamgeukia Ambwene. Siku hizi kila kitu ni ruksa, naye aliacha kuchuma chai ya watu, akauza ng'ombe, akafungua hoteli, mkewe Lightness akawa mpishi. Sasa wateja wanakimbia. Mambo yakiendelea hivi, atarudi kubeba kikapu cha chai mgongoni.

"Tatizo ni jina," akasema Andrea, ambaye kijiweni wanamwita Kwaya. "Hoteli unaiita Meriba? Rehobothi, yaani nafasi, uliikosa?"

"Alichagua tata," Ambwene akajibu, akimtaja baba yake. "Alifumba macho, akafunua Biblia, akaweka kidole."

"Ungemsukuma mkono mzee! Meriba ni Kiebrania hicho. Waisraeli walikaukiwa koo jangwani, wakamjia juu Musa wakidai maji, nusura wampige mawe. Ndipo pakaitwa Meriba, maana yake magomvi. Wewe umeandika magomvi kwa rangi nyekundu juu ya mlango, halafu unashangaa meza kutembea?"

"Afadhali kidole kingeangukia Golgotha," Radio akadakia. "Mahali pa fuvu la kichwa. Mngeuza supu ya vichwa!"

"Acheni hizo," Mwalimu akasema. "Bethlehemu maana yake nyumba ya mkate, na Yusufu na mkewe walikosa hata pa kulala. Jina halipiki."

"Halipiki, lakini linachachua!" Kwaya akang'ang'ania.

Kila walipokitwanga Kiebrania, moyo wa Ambwene ulipata nafuu, kama mtu anayeona mbuzi wa jirani anasingiziwa mahindi aliyokula mbuzi wake.

"Hebu tumwache Musa apumzike," Mwalimu akasema. "Jana chakula kilikuwepo?"

"Kilikuwepo. Kinafuka moshi."

"Sasa kwa nini shemeji asikitoe?"

Ambwene akajikuna shingo. "Tata alikuwa pale mbele."

"Anafanya nini?"

"Anakaa tu. Tangu tufungue. Asubuhi anashika kiti kinachotazama mlango wa jikoni, anawasimulia wateja habari za jina alilolichagua mpaka jioni."

Radio alicheka hadi akaishikilia nguzo. Mwalimu, mtu wa Singida, akabaki ametoa macho.

"Mwalimu," Kwaya akamwambia huku anajifuta machozi, "huku kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Akimwona njiani, anaingia migombani. Sasa binti wa watu atatokaje na sinia?"

"Na wewe Ambwene, huna mikono?"

"Nikigusa sinia, tata ananiuliza mbele za watu nimeolewa lini. Ananikalisha. Wateja wanashiba habari za jangwani, ndizi zinapoa."

"Kumbe Waebrania wa watu hawana kosa!" Mwalimu akapiga paja. "Mwambie mzee ashinde nyumbani."

"Nimwambie mimi? Ng'ombe niliyemuuza alikuwa wa nani?"

Kicheko kikakatika. Ambwene akamsogelea Kwaya, akashusha sauti.

"Kaka Andrea, wewe anakusikiliza, mnakaa naye safu moja kanisani. Nenda kamwombe. Asubuhi aje, sawa, lakini saa ya chakula atupishe. Lightness analia huko jikoni."

Mwalimu akakumbuka kwamba ana kipindi, ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Radio, asiyekosa habari hata siku moja, akaanza kuchunguza kucha zake.

"Kaka Andrea, nakuomba."

Kaka Andrea alikuwa ameshavuka barabara, kofia kichwani, akimsalimia kwa sauti kubwa mtu ambaye Ambwene hakumwona.