Upweke Wenye Mashahidi

Idara ya Safari za Upweke ilitangaza, kwa heshima na taadhima, kwamba kuanzia Jumatatu hiyo kila mwananchi wa Migori alikuwa huru kwenda peke yake kuwatazama wanyamapori, mradi aandamane na kamati. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti kutoka sokoni hadi stendi. Mkurugenzi Mogire, aliyelitunga mwenyewe, alilisikiliza amesimama wima kama mtu anayepigiwa wimbo wa taifa.

Alikuwa na sababu. Wakubwa wake walikuwa wamemwonya kwamba idara isipothibitisha hata msafiri mmoja wiki hiyo, itavunjwa, naye atahamishwa kusimamia mitaro ya maji machafu. Tangu idara izinduliwe hakuna aliyejitokeza. Watu wa huko wakisafiri, huenda matangani, na matangani haendi mtu peke yake.

Ndipo akapatikana Priscah, fundi cherehani na mama wa watoto sita. Alikuwa ameazima gari la shemeji yake na kufungasha viazi vitamu na chupa ya chai. Nia yake ilikuwa kufika mbuga ya Ruma, kwenye bonde la Lambwe, amwone korongo, yule swala mkubwa ambaye Waluo humwita omoro. Alitaka kumwona mahali ambapo hakuna mtu wa kuita "Mama".

Alipowasha gari, magari manne ya serikali yakawashwa nyuma yake.

"Bwana Mkurugenzi," akasema, "mimi ninatoroka watoto sita na mume. Sasa nimeongezewa ofisi nzima?"

"Mama Bravin, upweke usio na shahidi ni uvumi," Mogire akamjibu kwa upole. "Wewe endesha tu, ujihisi uko peke yako. Sisi tutathibitisha."

Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Ukimya akaongeza, kwa kipaza sauti, kwamba hawatapiga kelele.

Wakapitia Karungu. Kila Priscah aliposimama avute hewa, ofisa mmoja alishuka kumuuliza kama upweke wake ulikuwa wa kiwango cha kuridhisha. Huko Magunga alimsalimu muuza nyanya, na kamati ikalazimika kuketi kando ya barabara kujadili iwapo salamu ile imeharibu safari. Baada ya mabishano makali, suala hilo liliahirishwa.

Mbugani, twiga waliutazama msafara, wakakumbuka shughuli zao kwingine. Swala hawakungoja hata kutazama. Priscah akalaza kichwa kwenye usukani, na Mogire akaagiza iandikwe kwamba msafiri ameguswa na mandhari.

Kisha wakaja mbung'o. Nzi hao wa Lambwe hupenda kitu cheusi au cha buluu kinachotembea, na idara ilikuwa imejishonea suti za buluu iliyokoza kwa ajili ya siku hiyo. Madirisha yalikuwa wazi, kama inavyompasa shahidi. Muda si muda ofisi nzima ilikuwa imeruka nje, ikivua makoti na kujichapa kwa tai. Mwenyekiti wa Ukimya alipiga mayowe hadi kanga wakahama.

Priscah alipandisha vioo, akaondoka polepole kuelekea kilimani. Mogire alimwona akienda peke yake kabisa, yaani bila thamani yoyote ya kisheria. Kando ya gari lake, pembe mbili zilizopinda ziliinuka taratibu kutoka kwenye nyasi. Mkurugenzi alitafuta mtu wa kutia sahihi, lakini mikono yote ilikuwa na kazi mashavuni.

Lilipotokea basi la shule, Mogire alimshukuru Mungu. Mashahidi hao. Akajiweka sawa, shati likiwa limechomoka na jicho moja limevimba, akalisogelea. Basi lilisimama, na nyuso za watoto zikajaa madirishani.

"Mwalimu, hao ni nini?" mmoja akanong'ona.

"Hao ni wakubwa wa serikali," mwalimu Awino akajibu kwa sauti ya chini. "Tulieni wasitoroke. Huku kwetu huonekana mara moja kila miaka mitano."

Simu ya mwalimu ikapiga picha. Mtoto mmoja akapitisha andazi dirishani, na Mogire, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu Migori, akanyoosha mkono.

Mwalimu akaurudisha mkono wa mtoto ndani, akafunga kioo.

"Usiwape kitu," akasema. "Wakishazoea kulishwa, hawaondoki."